Nyumba Yetu: Sahani ya Paka Si ya Mbwa

Jamaa nyingi hufuga mbwa na paka katika ua mmoja, na kila mnyama ana kazi yake. Huku kwetu Wamaza, toka Kasongo hata Kabambare, mbwa huenda kuwinda pamoja na bwana wake. Mbwa wa kienyeji wa Kongo habweki sana. Ndiyo sababu wawindaji humfunga kengele ya mti shingoni, wapate kujua alipo. Paka naye hulinda mpunga na karanga. Waungwana wa Tippu Tip walieneza mpunga katika nchi ya Kasongo katika karne ya 19, na penye mpunga panya hawakosi. Wazee wamesema kweli: Paka akiondoka, panya hutawala.

Lakini twaona shida moja. Mama amtupia paka vichwa vya samaki karibu na meko. Paka hajatafuna hata mara mbili, mbwa amekwisha fika, amemfukuza, amelamba yote. Watoto hucheka. Kumbe si jambo la kuchekwa. Paka anayenyang'anywa kila siku mwishowe hukimbilia porini, au hujifunza kula vifaranga vya jirani. Hapo ghala imebaki bila mlinzi, na jirani yuko mlangoni na mashitaka yake.

Labda mtu atasema: "Basi, paka na ale makombo ya mbwa." Haifai, na sababu imo katika miili yao. Mbwa amekaa na wanadamu maelfu ya miaka. Mwaka 2013 wataalamu walionyesha kwamba amepata uwezo wa kuyeyusha vyakula vya wanga kupita jamaa zake wa porini. Kwa hiyo ugali wenye mchuzi na vipande vya nyama au samaki humfaa. Paka sivyo. Yeye ni mla nyama kabisa. Katika nyama na samaki mna kitu kiitwacho taurini, nao mwili wa paka hauwezi kujitengenezea cha kutosha. Mwaka 1975 ilijulikana kwamba paka akikikosa macho yake huharibika hata kupofuka, na mwaka 1987 kwamba moyo wake nao hudhoofika. Basi fahamuni: mbwa anapoiba, apata nyongeza tu, paka anapoibiwa, apotewa na kitu cha lazima.

Wengine hushika maneno haya: "Paka akishiba hakamati panya." Si kweli. Paka huwinda hata akiwa ameshiba, maana kuwinda ni tabia yake. Tena aliyelishwa vizuri hukaa karibu na nyumba, mahali tunapomtaka.

Basi tufanyeje?

Kwanza, chakula cha paka kiwekwe juu. Pigilieni ubao ukutani, au karibu na ghala, kupita kimo ambacho mbwa aweza kufikia akisimama kwa miguu ya nyuma. Paka ataruka bila taabu.

Pili, kama paka ni mzee au ana mimba, haifai kumrusha juu. Chukueni sanduku la mbao, toboeni tundu linalompitisha yeye tu, mkaweke sahani ndani, mbali na tundu, ili mbwa asiifikie kwa mdomo. Sanduku lifungwe imara, lisipinduliwe.

Tatu, walisheni saa ile ile, kila mmoja mahali pake. Paka akimaliza, ondoeni sahani. Dagaa, ambao huku kwetu huitwa ndakala, wakibaki chini huita mbwa, kuku na siafu pamoja.

Nne, mshibisheni mbwa. Mwenye njaa hana miiko. Mbwa asiyepewa chochote ila fimbo hataacha kuiba. Atajifunza kuiba kwa siri. Lakini akiitwa, akaacha sahani ya paka, apewe kipande mkononi: hivyo ndivyo anavyojifunza kutii.

Nanyi wanafunzi, sikieni neno hili. Mbwa na paka wakipigania chakula, msiingize mkono kati yao. Wote wawili waweza kuwa na ugonjwa wa kichaa cha mbwa, nao ukisha kuonyesha dalili kwa mtu, karibu kila mara humwua. Mtu akiumwa au akikwaruzwa, kidonda kioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile kwa ajili ya chanjo, hata kama kidonda ni kidogo.

Mwisho twawaambia wenye nyumba: msimkasirikie mbwa. Yeye hula anachokikuta. Kugawa chakula ni kazi yenu, na gharama yake ni ubao mmoja na misumari minne. Gunia la mpunga lililotobolewa na panya ni ghali zaidi.