Kozi za Mikia

Imezuka biashara hapa Gongo la Mboto. Mtoto hulipiwa kozi ya Kiingereza, akapewa orodha ndefu ya vitenzi vyenye vijineno vya mkiani: "give up", "give in", "give away", "look after". Huambiwa akariri. Akikosea, wenzake humcheka, na mwalimu naye hucheka. Sisi tuliopita chuo cha ualimu twasema: huo si ufundishaji, ni ukasuku.

Asije mtu akatusingizia kwamba twakipinga Kiingereza. Tunapinga kinavyofundishwa, na kazi isiyo yake kinayopewa. Tangu 1967 watoto wetu husoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Wakiingia kidato cha kwanza, karibu masomo yote huwageukia. Kitabu cha kemia chasema "carry out an experiment". Mtoto ajua "carry" ni beba, na "out" ni nje. Je, alibebe jaribio akalitupe uani? Mtihani ukija, huandikwa mjinga wa kemia, na hali kilichomshinda ni kimkia cha herufi tatu!

Ilhali jambo lenyewe tunalo nyumbani. Mswahili huutia mkia ndani ya kitenzi: funga, fungua, fungia, fungana, fungamana. Mwingereza huuacha nje: "give up" ni kukata tamaa, "give in" ni kusalimu amri, "give away" ni kugawa bure, na pengine kutoboa siri. Mtoto anayepiga pasi, akapiga mswaki na kupiga simu bila kumwumiza mtu, atashangaa nini akielezwa kwa lugha yake? Lakini zipo shule ambazo mwalimu akimweleza kwa Kiswahili huonekana amekosa.

Mwaka 1982 Tume ya Makweta ilishauri sekondari ifundishwe kwa Kiswahili. Ushauri haukufuatwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walipima wakakuta Kiingereza cha wanafunzi wa sekondari kimeanguka. Na dawa yao ikawa kufundisha kwa Kiingereza kuendelee! Sera ya 2014 ikakitaja Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika ngazi zote. Vitabu vya kemia vya sekondari vingali vya Kiingereza.

Hapo Pugu, kwa jirani zetu, Mwalimu Nyerere alifundisha hadi 1955, alipoiacha kazi kwa ajili ya TANU. Kiingereza alikijua hata akamfasiri Shakespeare mwaka 1963. Mikutano ya hadhara aliihutubia kwa Kiswahili, na wananchi walimwelewa, bila kozi.

Baba na mama, kabla hamjatoa fedha, mwulizeni huyo mwenye kozi jambo moja: "look down on" kwa Kiswahili ni nini? Akijibu kwamba ni kudharau, na akaweza kueleza kwa nini, mwachieni mtoto. Akisema ni kutazama chini, rudini na fedha zenu.