Nakala ya pili ikae kituoni
Mkazi wa Kapalamsenga, huko Katavi kwenye shaba, akishindwa kutuma pesa kwa simu huulaumu mnara anaouona. Wakati mwingine tatizo liko mbali na mnara, ndani ya ruta kubwa ya mkongo wa mawasiliano. Ruta za namna hiyo hubeba prosesa mbili za kuelekeza data: moja kazini, nyingine ikisubiri. Ya kwanza ikifa, ya pili hushika usukani, huku kadi za laini zikiendelea kupitisha data kwa njia zilizokwisha kujulikana. Ni uhandisi wa kuheshimiwa. Lakini yote hayo hutegemea faili la programu endeshi, lililohifadhiwa kwenye memori ya flashi na kupakiwa kila ruta inapowashwa. Likiharibika, au umeme ukikatika wakati wa kulibadilisha, ruta inaweza kukwama ikimngoja fundi. Na prosesa ya akiba yenye toleo tofauti la programu huenda isipokee kazi bila kukatiza huduma. Mei 2024, nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, Watanzania walionja adha ya kukosa njia mbadala. Na mji wa Mpanda, hukohuko Katavi, ulioishi miaka mingi kwa umeme wa majenereta, uko zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara kutoka Dar es Salaam; fundi wa kutoka huko hafiki upesi. Nawasihi wasimamizi wa mitandao: wekeni nakala ya pili ya programu endeshi palepale kituoni, kwenye kadi tofauti ya memori, muihakiki, na prosesa zote mbili mzipe toleo moja.