Tezi ya Kidarini na Homoni Inayongoja Zinki



Kadhaa miongoni mwenu mmetuuliza juu ya sindano za peptidi za tezi ya thaimasi, zinazotangazwa kuwa humrudishia mtu mzima kinga ya ujana. Bei yake si ndogo, na ziko nyumba ambazo zimekwisha kutoa fedha. Basi mwezi huu na tuitazame tezi yenyewe.

Thaimasi ni tezi laini iliyoko nyuma ya mfupa wa kidari, juu kidogo ya moyo. Mwanzoni mwa karne ya ishirini matabibu wa Marekani na Ulaya waliiona kubwa mno kwa watoto wachanga, wakadhani ndiyo inayowaziba pumzi, wakaichoma kwa mionzi. Baadhi ya watoto hao walipokua walipatwa na saratani ya tezi ya shingoni. Kumbe ukubwa ule ulikuwa dalili ya uzima, kwani tezi hii hufanya kazi yake kubwa utotoni, kisha baada ya kubaleghe hunywea na nafasi yake kujaa mafuta.

Mwaka 1961, huko London, Jacques Miller aliwatoa panya wachanga tezi hiyo. Wengi walidhoofika wakafa kwa maambukizo, na miili yao ilipokea ngozi ya panya wa ukoo mwingine bila ya kuikataa. Hapo ndipo ilipofahamika kuwa thaimasi ni chuo. Chembechembe changa za damu nyeupe hutoka katika uboho wa mifupa zikaja kufunzwa humo kumtambua adui, na zile zinazoelekea kuushambulia mwili wenyewe huangamizwa. Sisi tuliosahihisha mitihani miaka mingi hatujapata kuona chuo kikali kama hiki: wanaofuzu ni wachache tu katika kila mia.

Tezi hii hutoa homoni pia. Mojawapo ni thaimulini, iliyotambuliwa na Jean-François Bach na wenzake mjini Paris katika miaka ya 1970. Ni mnyororo mfupi wa asidi amino 9, nao huzisaidia chembechembe zile kukomaa. Lakini ina sharti lake: isiposhikamana na madini ya zinki, haifanyi kazi. Yaweza kuwamo katika damu nayo ikawa kama bunduki isiyo na risasi. Mwaka 1988 Ananda Prasad na wenzake, nchini Marekani, walionyesha kwamba hata upungufu mdogo wa zinki huidhoofisha, na kwamba mtu akipewa zinki nguvu yake hurejea. Prasad huyu ndiye aliyewaona vijana waliodumaa huko Shiraz, Iran, kuanzia mwaka 1958. Chakula chao kilikuwa mkate usiochachushwa, na nyama waliipata kwa nadra.

Ubaya wa mkate ule ni faiteti, kitu kilichomo katika maganda ya nafaka na kunde, ambacho huishika zinki isifyonzwe na mwili. Kuloweka maharage na kuyamwaga maji yake, au kuchachusha unga, hupunguza faiteti hiyo. Waliotutangulia waliouacha unga wa mtama uchachuke kabla ya kupika uji hawakuijua kemia, lakini mikono yao iliijua kazi. Zinki yenyewe imo katika nyama ya ng'ombe na ya mbuzi, mayai, maziwa, kunde na mbegu za maboga. Imo kidogo mno katika vibanzi na soda, ambavyo ndivyo vinavyowashibisha wengi wa watoto wetu huku ugenini.

Ama sindano zinazouzwa, hizo aghlabu ni peptidi nyingine, thaimosini alfa 1, yenye asidi amino 28. Allan Goldstein na wenzake waliitoa katika tezi za ndama na kuieleza mwaka 1977. Waliotuuliza kuhusu uhalali wake wajue kwamba ile iliyosajiliwa siku hizi kuwa dawa hutengenezwa kwa kemia, haitokani na mnyama. Imeidhinishwa katika baadhi ya nchi, Uchina ikiwa mojawapo, kwa homa ya ini ya aina ya B, Marekani haijaidhinishwa. Utafiti wa Uchina uliochapishwa mwaka 2025, wenye wagonjwa 1,106 waliokuwa na sumu ya maambukizo mwilini, haukuona kuwa imepunguza vifo katika siku 28. Ikiwa hospitali haikuona faida hiyo kwa mahututi, muuzaji wa chupa kwa njia ya posta amepata wapi ushahidi wa kumwahidi mzee ujana?

Wenye vidonge vya zinki nyumbani watazame kibandiko. Mwanamume mzima huhitaji miligramu 11 hivi kwa siku, mwanamke 8. Kuzidisha 40 kwa muda mrefu huuzuia mwili kupata madini ya shaba. Kwa mtoto anayeharisha, Shirika la Afya Duniani na UNICEF waliagiza mwaka 2004 miligramu 20 kila siku kwa siku 10 hadi 14, na 10 kwa aliye chini ya miezi sita, pamoja na maji ya chumvi na sukari yanayotolewa dukani kwa vipimo maalumu.