Kabla Hamjashusha Injini, Mpimeni Kwanza Mgonjwa

Huku Leicester tuko salama, tunamshukuru Mungu. Baridi imeanza kupungua, ingawa asubuhi bado unaweza kudhani umelala ndani ya friji.

Leo nina jambo. Wengi mmeshasikia kwenye simu za familia kwamba mdogo wangu wa Tanga kaniomba milioni moja na laki nane za kushusha injini ya gari lake, ile Corolla ya dizeli anayofanyia teksi. Mmesikia pia kwamba nimekataa. Shangazi kanipigia akaniambia Ulaya imenibadilisha, siku hizi nina mkono wa birika. Basi naomba nijieleze hapa mara moja, wote msome, nisije nikarudia hadithi hii kwa kila mmoja mpaka vocha ziishe.

Sijakataa kutoa hela. Nimekataa kutoa hela ya kushusha injini ambayo hakuna mtu aliyeipima. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa. Na sisemi haya kwa kuwa nimekuwa Mzungu. Nasema kwa sababu mimi mwenyewe niliufanya ujinga huo huo hapa, kwa mikono yangu, na ulinitokea puani.

Nina Peugeot 306 ya mwaka 1997, dizeli, 1905 cc, haina turbo. Wazee mliopanda Peugeot 504 enzi zile mtanielewa nikisema Mfaransa alijua kutengeneza injini ya dizeli. Hii yangu mafundi wanaiita XUD, chuma kizito chini, hedi ya aluminiamu juu, na inasifika kwa kudumu. Sasa majira ya baridi yaliyopita ikaanza kugoma asubuhi. Unapiga stata wee mpaka betri inakaribia kulia. Ikija kuwaka inatetemeka kama mtu mwenye homa, inatoa moshi mweupe barabara nzima, majirani wanafungua mapazia. Ikishapata moto, inakwenda vizuri kana kwamba hakuna kilichotokea.

Jamaa mmoja tunayefanya naye kazi ghalani, mtu wa magari, akaja akaisikiliza. Akasema hapa kompresheni hakuna, ringi zimekwisha, tafuta injini nyingine. Hakupima. Alisikiliza tu, akatikisa kichwa. Na mimi kwa kuwa alitikisa kichwa kwa huzuni sana, nikaamini.

Injini za namna hii huku si ghali. London, tangu Agosti 2023, magari ya dizeli yasiyofikia kiwango cha Euro 6 yanalipa pauni 12.50 kwa siku katika wilaya zote za jiji, kwa hiyo mwenye dizeli ya zamani kule hana raha nayo. Nikapata injini kwa pauni 180 kwenye yadi ya magari chakavu. Nikakodi kreni ndogo ya jeki ya oili. Kwa kuwa saa moja ya fundi gereji inakula karibu nusu ya mshahara wangu wa siku, nikasema nitafanya mwenyewe.

Wikiendi tatu, ndugu zangu. Nilitoa betri, nikamwaga maji ya rejeta na oili (na oili chafu huku humwagi mtaroni, unaipeleka kituo cha halmashauri), nikatoa rejeta, ekzosi, shafti za matairi ya mbele, waya wa klachi, waya zote za umeme. Kila bolti nikaitia kwenye mfuko wake na kuandika jina. Kila hosipaipu nikaibandika karatasi, nikapiga picha kwa simu. Halafu mnyororo, halafu mauntingi. Sisi tunasema kushusha injini, lakini hii unaipandisha! Inatoka na giaboksi yake kwa juu, inazunguka hewani taratibu, na wewe unaomba dua mnyororo usikatike. Mgongo wangu haujanisamehe mpaka leo.

Nikafunga ile nyingine. Taiming belti mpya, pampu ya maji mpya, klachi mpya, maana injini ikiwa nje ni upumbavu kurudisha vya zamani. Ikawaka! Nikacheka peke yangu uani kama kichaa. Wiki moja baadaye, asubuhi ya barafu, nikapiga stata... ikagoma. Ikaja kuwaka, ikatetemeka, moshi mweupe. Injini mpya, ugonjwa ule ule.

Nilikaa kwenye ngazi ya mlango na chai yangu nikiitazama ile gari. Nikajiuliza swali ambalo nilitakiwa kujiuliza mwanzo: ni kitu gani kilichokuwepo kwenye injini ya kwanza na bado kipo? Jibu: njia ya mafuta. Tangi ni lile lile, mipira ni ile ile, na ile pampu ya mkono ya mpira, ya kubonyeza ili kuvuta dizeli, ni ile ile.

Nikakata kipande cha mpira wa plastiki unaoonyesha ndani, kama ule wa dripu hospitali, nikakiunga kwenye njia inayoingia kwenye pampu ya dizeli. Nikawasha. Mapovu tele! Ile pampu ya mkono ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Gari ikilala, hewa inaingia, dizeli inarudi tangini. Asubuhi injini inapewa upepo badala ya mafuta. Nikanunua nyingine kwa pauni 12. Nikabadilisha kwa dakika 20. Mpaka leo gari inawaka kwa kugusa tu.

Na ile injini ya zamani? Niliifungua kwa uchungu. Kuta za silinda safi. Haikuwa na kosa lolote.

Sasa rudini kwa mdogo wangu. Nilimuuliza dalili. Akasema asubuhi inagoma, moshi mweupe, ikipata moto inakwenda vizuri. Nikamuuliza, fundi kapima nini? Akajibu, "Kaka, huyu fundi ni mzoefu, akisikiliza tu anajua." Mnaona? Kusikiliza tu!

Sisemi kwamba gari lake lina ugonjwa wa gari langu. Siwezi kulijua gari la Tanga nikiwa Leicester. Lakini moshi mweupe asubuhi, mara nyingi, ni dizeli ambayo haijaungua. Inaweza kuwa kompresheni kweli. Inaweza pia kuwa plagi za hita zimekufa, au nozeli, au taiming, au hewa kwenye mafuta kama yangu. Toyota nyingi za dizeli zina pampu ya mkono juu ya kichwa cha filta, nayo hupitisha hewa ikichoka. Vyote hivyo vinatazamwa injini ikiwa mahali pake. Hata kama ni maji yanaingia kwenye silinda, hedi inafunguliwa gari likiwa zima, hakuna haja ya kushusha kitu.

Najua mtaniambia huku vipimo hakuna. Vipo. Geji ya kompresheni ya dizeli ipo kwa mafundi wa pampu na malori. Muhimu isiwe ya petroli, maana nguvu ya dizeli ni mara mbili na zaidi, utaiharibu geji na kipimo kitakudanganya. Na kipande cha mpira wa dripu ni bei gani? Kupima plagi za hita kunahitaji taa ya majaribio na dakika kumi.

Mtaniambia pia ninawadharau mafundi wetu. Hapana. Fundi wa chini ya mwembe Tanga anaweza kufanya kwa spana tatu kazi ambayo wengi huku wasingeithubutu. Tatizo liko kwetu sisi wateja. Nani kati yenu amewahi kumlipa fundi kwa kuangalia tu? Akiangalia saa mbili akakwambia badilisha mpira, unampa elfu mbili ya soda na kumcheka kwamba hakufanya kazi. Akishusha injini, unamlipa laki kadhaa na kumwita mtaalamu. Sasa kama chakula cha watoto wake kinatokana na kushusha, atashusha. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Kwa hiyo mimi nasema tuanze kulipia macho na akili za fundi, siyo jasho peke yake. Itatutoka hela ndogo na kutuokolea kubwa.

Kingine, injini ya mtumba ni kamari. Hujui ilikufa kwa ugonjwa gani. Pengine gari lake lilifukuzwa na ushuru wa jiji, injini bado nzima kabisa. Pengine ilichemsha mpaka hedi ikapasuka, ikaoshwa, ikapakwa rangi, ikatiwa kwenye kontena. Ukitoa yako nzima ukaweka hiyo, umemzika mzima ukamleta mgonjwa nyumbani. Na namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari. Ukibadilisha injini na usiibadilishe kadi, siku ya kuuza utakuwa na maelezo marefu. Hata huku nilibidi kutoa taarifa.

Kuna wakati lazima ishuke, sikatai. Ikigonga chini kwa sababu beringi za krenki zimekwisha, bloku ikipasuka, au kipimo kikionyesha silinda zimelika kweli, basi shusheni. Lakini hapo naomba jambo moja, na hili nasema kwa ukali kidogo: msiining'inize kwenye tawi la mti. Injini ya dizeli pamoja na giaboksi yake hupita kilo 150 kirahisi. Hakuna tawi lenye stakabadhi. Kodini winchi au kreni, na mtu asiingie chini hata kuokota spana. Matundu ya pampu na nozeli yazibwe kwa nailoni safi, vumbi ni sumu. Na taiming belti irudi mpya, kwa sababu dizeli ikikata belti, valvu na pistoni vinakutana, na hapo ndipo mtatafuta injini kweli.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Jana nimemtumia mdogo wangu hela ya kupima, na ya kumlipa fundi kwa muda wake wa kupima, nzuri tu, asijione amefanya bure. Nataka picha ya geji kwa kila silinda, zote nne, na video ya mpira wa plastiki gari likiwaka. Injini ikionekana imekufa, milioni na laki nane nitatuma yote, hata kama nitakula wali mkavu mwezi mzima. Ikionekana ni mpira wa elfu kumi, hela iliyobaki ni ada ya watoto wake Januari. Nimeona hiyo ndiyo namna ya kumpenda mtu.

Mpaka naandika hapa hajanipokelea simu, siku ya nne sasa. Najua ana hasira. Gari limesimama, na kila siku likisimama nyumba yake nayo imesimama. Hilo linaniuma kuliko maneno ya shangazi. Mama, ukimwona mwambie kaka yake hakumnyima. Mwambie kaka yake alizika injini nzima, na hataki naye azike yake.

Naomba kuwasilisha. Wasalaam.