Fundi Apime RAM Kabla ya Kufomati

Kila Juni inapokaribia tarehe 30, siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za ushuru kwa Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA), saiba za Kitale na Bungoma hufurika watu. Kompyuta ya mezani ikianza kukwamakwama wakati huo, hukumu hutoka upesi: ina virusi, ifomatiwe, au imezeeka, itupwe. Hukumu hiyo hutangulia ushahidi, na anayeilipia ni mwenye mashine. Kwenye kompyuta yenye RAM ya GB 4, mshukiwa wa kwanza angekuwa kumbukumbu hiyo ya RAM, ambayo hupimika kwa dakika chache bila gharama yoyote.

RAM ni meza ya kazi, diski ni ghala. Meza ikijaa, Windows hupeleka baadhi ya data ghalani na kuirudisha inapohitajika. RAM hujibu kwa takriban nanosekunde 100, ilhali diski ya kuzunguka huchukua kama milisekunde 10, yaani mara 100,000 zaidi. Ndiyo maana ukitoka tovuti ya eCitizen kwenda ile ya iTax ukurasa huganda, na taa ya diski haipumziki. Fundi abonyeze Ctrl, Shift na Esc, afungue Task Manager huku kazi ikiendelea. RAM kujaa peke yake si kosa, kwa sababu Windows hutumia nafasi iliyobaki kuweka data karibu. Ushahidi ni pale programu zinapodai kumbukumbu kupita RAM iliyomo, na diski ikielemewa kwa asilimia 100. Dai likizidi kupanda hata baada ya kurasa kufungwa, kuna programu isiyorudisha inachokopa, na kuongeza RAM kutaahirisha tu tatizo. Mashine ikizimika ovyo, programu ya majaribio ya MemTest86 itaonyesha kama RAM yenyewe ni mbovu.

Wapo watakaosema kufomati husaidia. Husaidia, kwa kuwa huondoa programu zinazojiwasha pamoja na mashine. Lakini hizo huzimwa papo hapo ndani ya Task Manager, bila kuhatarisha faili za mteja. Wengine watauliza faida ya kuhangaikia mashine kuukuu, ilhali Microsoft ilikomesha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Hoja hiyo ni nzito: mashine isiyopata masasisho ya usalama haifai kuandikiwa nywila za watu. Hata hivyo, kiwango cha chini cha RAM kwa Windows 11 ni GB 4 zilezile. Anayenunua mashine nyingine bila kujua kilichoiua ya kwanza anaweza kununua ugonjwa uleule.

Kwa hiyo wanaofunza ufundi, kuanzia Kitale National Polytechnic hadi Chuo Kikuu cha Kibabii, wasisitize kupima kabla ya kutibu. Naye mteja, kabla hajatoa pesa, aonyeshwe namba kwenye kioo: kazi ilidai kumbukumbu kiasi gani, na mashine ilikuwa na kiasi gani.