Joto la Ardhini Haliishi Kwenye Desa

Nianze kwa kukiri. Mwaka wa kwanza nilipata alama zote kwenye swali la muundo wa dunia bila kuelewa kitu. Nilichora miduara minne: ganda la juu, tabaka la kati, kiini cha nje, kiini cha ndani. Nikaandika na kilomita 6,371 toka juu hadi katikati. Mwalimu akaweka vema, mimi nikaenda zangu kula chipsi. Kichwani bado niliamini chini ya miguu yetu kuna uji wa moto, na sisi tunaelea juu kama utando.

Si kweli. Tabaka la kati, lenye unene wa kilomita kama 2,900, karibu lote ni mwamba mgumu. Tunajua kwa sababu kuna mitetemo ya matetemeko isiyoweza kupita kwenye kimiminika, na humo inapita. Inakwama kwenye kiini cha nje, ambako chuma kimeyeyuka. Mwamba ule unajongea, ila taratibu, sentimita chache kwa mwaka, ukisukumwa na joto. Sehemu ya joto hilo ni masalia ya kuumbika kwa dunia miaka bilioni 4.5 iliyopita; sehemu nyingine inatokana na kuvunjika kwa atomi za urani, thoriamu na potasiamu.

Hayo yote yalikuwa kwenye desa. Yaliniingia siku tulipokwenda Songwe, kwenye chemchemi za maji moto. Mwalimu alituuliza swali moja tu: "Haya maji kachemsha nani?" Kimya. Kwa kawaida joto huongezeka nyuzi 25 hadi 30 kila kilomita ukishuka chini. Pale Bonde la Ufa limevuta na kupasua ganda, joto liko karibu zaidi; mvua inazama kwenye nyufa, inapashwa, inarudi juu. Nilipoona mvuke ndipo nikaelewa kwa nini Wakenya walichimba Olkaria, na tangu 1981 wanapata umeme humo.

Sasa hoja yangu. Basi letu lilikuwa na viti vitupu. Mwenzangu wa chumba, ambaye darasani ananiacha mbali, hakuja. Mchango ulitakiwa kabla bumu halijaingia. Niliporudi aliazima daftari langu, akaniuliza, "Hivi yanachemka kweli, au stori?" Kesho huyu ndiye anaweza kukabidhiwa kisima cha mvuke, naye joto la ardhini analijua kwa miduara minne.

Naiomba serikali yetu ya wanafunzi mambo mawili. Kwanza, idai tarehe ya mchango iwekwe baada ya bumu. Pili, itenge sehemu ya fedha za bash kuwalipia wanaokosa. Najua wapo watakaosema bash ni ya wote na safari ni ya darasa moja. Sawa, lakini kila kitivo kina Songwe yake: mahakamani, wodini, shambani. Na siombi basi jipya. Basi limeshakodiwa; kiti kitupu hakiokoi hata lita moja ya dizeli.

Safari ya mwaka huu bado haijapangwa. Muda wa kulisema hili ni sasa, si siku basi linapowasha injini.