Mtoto Aliyeonyesha Mlima wa Chumvi

Kwetu Bogoro, mtu ashikapo njia ya kuteremkia Kasenyi hulifikia Ziwa Albert. Mbali huko kusini umesimama mlima wa Ruwenzori. Juma hili twawaletea habari za waliousafiria.

Mwaka 1864 Mwingereza Samuel Baker alilifikia ziwa kwa upande wa mashariki, wala hakuiona theluji. Mwezi wa Desemba 1887 Stanley alifika ufuko wetu wa magharibi, naye asiione. Je, walikuwa vipofu? Hasha! Mlima ule hujifunika mawingu siku nyingi za mwaka.

Hata tarehe 24 Mei 1888, Stanley akiwa njiani karibu na ziwa, mtoto mmoja akamwonyesha mlima, akasema umefunikwa na chumvi. Stanley akadhani kwanza ni wingu jeupe. Alipozidi kukaza macho, akatambua: ni theluji!

Miaka 18 baadaye akaja Luigi Amedeo wa Savoia, mwana wa ukoo wa kifalme wa Italia. Tarehe 18 Juni 1906 alisimama juu ya Margherita, kilele kirefu kupita vyote, mita 5,109, mpakani mwa Kongo na Uganda. Aliongozwa na mafundi wa milima ya Ulaya: Joseph Petigax, César Ollier na Joseph Brocherel. Lakini mizigo iliyowawezesha kuishi katika baridi ile ilipandishwa na Wakonjo, wenyeji wa mlima. Kilele kikapewa jina la malkia wa Italia.

Ushujaa wa mwana wa mfalme hatuukatai. Lakini bila migongo ya wachukuzi angalifika wapi? Na mtoto yule, Stanley hakuliandika jina lake. Kristu alimsimamisha mtoto katikati ya mitume ili wajifunze. Basi, wazazi, mtoto akisema, "Tazama!" tusimwambie upesi, "Nyamaza!" Pengine ameona tusichokiona sisi.

Tena tusikawie. Mwaka 1906 barafu ya Ruwenzori ilienea kilomita za mraba 7 na nusu hivi. Mwaka 2005 ilibaki kama 1 na nusu tu, nayo yazidi kuyeyuka kwa sababu ya joto la dunia. Wajukuu wetu watakaponyosha kidole, huenda wakaonyesha mwamba mtupu.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutapanda Kilimanjaro.